Mji Uliotolewa kwa Mdomo

Upo mchezo ambao Waswahili hawauhesabu miongoni mwa michezo mikubwa, kwa kuwa hauhitaji ubao, kete wala uwanja. Mtu husema, "Kitendawili!" Wenzake humjibu, "Tega!" Akitega, nao wakashindwa kutegua, hatoi jibu bure. Husema, "Nipeni mji." Hapo aliyeshindwa humtajia mji, mtegaji anaweza kuukataa na kutaka mwengine, mpaka upatikane unaomridhisha. Akishaupokea, husafiri. Husafiri pale pale alipokaa, kwa maneno matupu: alifika katika mji huo, akalakiwa kwa ngoma, akatandikiwa busati, akapakuliwa wali na nyama, na yule aliyeshindwa alikuwapo vile vile, ila yeye aliwekwa nyuma ya mlango akingojea makombo. Safari ikishawachekesha watu kiasi cha kutosha, ndipo jibu hutolewa.

Vitabu vya skuli aghalabu huutaja mji huu kwa mstari mmoja tu, kwamba ni faini ya kushindwa, kisha huendelea na orodha ya vitendawili. Hata hivyo, kwa wengi waliokulia katika mchezo huu, vitendawili vyenyewe vimekwisha kuchanganyika kichwani na miji ndiyo iliyobaki. Mtu mzima hakumbuki tena ni nani aliyetega "Nyumba yangu haina mlango", lakini anakumbuka kwamba usiku mmoja alipewa Unguja nzima, akaitembea yote kabla ya kulala. Huikumbuka safari hiyo kwa mapenzi, pengine kuliko safari alizozilipia nauli. Suali linalozuka ni hili: kumbukumbu ya safari isiyosafiriwa ni kumbukumbu ya kitu gani? Na je, ina haki ya kupendwa hivyo?

Ili suali hili lisielee hewani, na liwekwe Inyonga. Huo ndio mji wa makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Ni nchi ya Wakonongo, nchi ya misitu ya miombo na ya nyuki, ambako mizinga ya magogo na ya magome ya miti hutundikwa juu matawini, na warina asali hupiga kambi msituni siku nyingi kabla ya kurudi nyumbani. Kutoka hapo hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, hadi Tabora ni zaidi ya 200, na bahari iko mbali zaidi ya kilomita 700 hata kwa mtu ambaye angeruka kama ndege. Kwa mtoto aliyezaliwa huko kabla ya simu za mkononi, mji wa mbali ulikuwa kwanza ni neno. Neno hilo lilifika kinywani mwa dereva wa lori, au mwalimu aliyehamishiwa huko, au mjomba aliyekwenda kuuza asali.

Basi na ufikiriwe uwanja wa nyumba moja ya Inyonga, usiku wa kiangazi, chakula kimekwisha kuliwa. Bibi ameketi juu ya kigoda, wajukuu wamejaa mkekani. Mkubwa wao ametega, mdogo ameshindwa.

"Nipe mji."

"Chukua Mpanda."

"Siutaki. Baba mdogo huenda Mpanda kila mwezi, na hurudi na njaa."

"Basi chukua Tabora."

"Tabora yuko bibi mwengine, atanituma kisimani."

"Haya, chukua Unguja."

"Unguja nimeipokea."

Mtoto huyo hajapata kuiona bahari. Bahari atakayoisimulia itakuwa ni Mto Ugalla wakati wa mvua, maji yamepanda mpaka kwenye miti. Karafuu zake zitaning'inia matawini kwa kamba, kama mizinga. Sultani wake atakula ugali kwa asali. Na bibi, ambaye pengine anajua zaidi, hatamsahihisha.

Msomaji mkali ataweza kusema kwamba huo ni uongo, na kwamba mtu mzima anayeupenda uongo wa utotoni anapenda kudanganywa. Shutuma hiyo haisimami. Uongo unahitaji mtu mmoja anayejua na mwengine asiyejua. Katika mkeka ule hapana asiyejua. Msafiri anajua kwamba hakuondoka, wasikilizaji wanamwona kwa macho yao kwamba hakuondoka, na mji umetolewa na mtu asiyeumiliki kwa mtu asiyeweza kuupokea. Wote wameridhia. Penye ridhaa ya namna hiyo hapana aliyedanganywa. Lililopo ni jambo lililotendwa kwa pamoja, ingawa chombo chake kilikuwa ni maneno.

Lakini kuondoa shutuma ya uongo si kulijibu suali. Na achukuliwe mtoto yule yule, sasa mtu mzima, siku anayoshuka kutoka chomboni katika bandari ya Malindi na kuikanyaga Unguja kwa miguu yake. Hapana ngoma. Wachukuzi wanamwuliza kama ana mizigo, watembezaji wanamwuliza kama anatafuta hoteli, na karafuu, akizifikia, anazikuta zimeanikwa chini kwenye majamvi. Lau kumbukumbu yake ya zamani ingekuwa ni kumbukumbu ya Unguja, ingekufa siku hiyo, kama ramani mbovu inavyotupwa ikishapatikana ramani nzuri. Haifi. Hukaa pembeni ya Unguja ya kweli wala haigombani nayo. Hiyo ni dalili kwamba tangu mwanzo kumbukumbu ile haikuihusu Unguja. Ilikuwa ni kumbukumbu ya mkeka, ya kicheko cha bibi, na ya yule mdogo aliyefikiri kidogo, akasema, "Chukua."

Jambo hili halikuwahusu watu wa vitendawili peke yao. Mwaka 1974, nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani wakiwa na karatasi, penseli na dadu. Mmoja husimulia ulimwengu na kuamua yanayotokea. Wengine kila mmoja huvaa nafsi ya shujaa wake na kusema atakalofanya: nitaufungua mlango, nitauvuka mto, nitakimbia. Visa vya awali vilivyochapishwa kwa ajili ya mchezo huo vina mahali pao katika mapenzi ya watu ambao sasa wamekuwa wazee. The Keep on the Borderlands, kilichotoka mwaka 1979, kilitiwa ndani ya sanduku la wanaoanza, kwa hiyo watu wengi walianzia humo safari zao za kwanza. Tomb of Horrors, kilichochapishwa mwaka 1978, kilijaa mitego ya kuua, na mashujaa wengi waliingia kaburini humo wasitoke. Ni ajabu kwamba hata hicho hukumbukwa kwa furaha. Mtu aliuawa ndani yake, na anasimulia kifo chake akicheka.

Kifo hicho kinachekesha kwa sababu kilimpata shujaa aliyeandikwa kwenye karatasi. Mwenye karatasi aliinuka mezani akiwa mzima, akaandika jina jengine. Hasara ilibaki ndani ya mchezo.

Hapa mchezo wa mji unapaswa kuulizwa suali ambalo wanaoupenda hawapendi kuulizwa. Ndani yake hapana karatasi. Anayekaa nyuma ya mlango na kula makombo ni mtu mwenyewe, kwa jina lake, mbele ya ndugu zake. Anayeikumbuka safari kwa mapenzi ni yule aliyesafiri. Yule aliyeachwa nyuma ya mlango huenda anaukumbuka usiku huo huo kwa namna nyengine. Na si kila mtoto hushindwa kwa zamu. Katika nchi kama ya Inyonga, mtoto ambaye nyumbani kwao husemwa Kikonongo au Kisukuma huweza kukijua kitu chenyewe vizuri sana, lakini akalikosa neno lake la Kiswahili. Yai analijua, kuku anamjua, nyumba isiyo mlango inampita. Huyo hutoa miji usiku baada ya usiku. Ametoa Mpanda, ametoa Tabora, ametoa Dodoma na Dar es Salaam, na wala yeye hajapata kupewa hata kijiji. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Walisema pia mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tena mkoa huu unajua kupoteza makazi kwa kweli. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Katika miaka ya 1970 ilipita Operesheni Vijiji, na nchi nzima watu wakaondoshwa penye makaburi ya wazee wao. Na katika muongo huo huo, karibu na Mpanda, yalianzishwa makazi ya Katumba na Mishamo kwa ajili ya watu walioikimbia Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Watoto waliozaliwa humo walikua wakisimuliwa vilima na masoko wasiyoyaona, na wasimulizi wao hawakuwa wakicheza. Mwaka 2014, baada ya kungoja sana, Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa jamii hiyo. Kwa watu wa nchi ya namna hii, maneno "nipe mji" hayawezi kuwa mepesi kabisa. Ni lazima ijulikane kinachoutenga mchezo na msiba.

Vinavyotenga ni vitatu. Kwanza, katika mchezo mji hutolewa na mwenye kushindwa kwa kinywa chake, naye huchagua ni upi. Katika msiba mji huchukuliwa. Pili, safari ya mchezo ina marejeo: msafiri hulala juu ya mkeka ule ule aliolala jana, ubavuni mwa yule aliyemwacha nyuma ya mlango. Wahamishwaji wengi hawakupewa marejeo. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwisho wa safari ni jibu. Aliyeutoa mji hapati hasara tupu, hupata kujua. Kesho atakwenda na kitendawili hicho kwa watoto wa jirani, naye atapewa mji. Waliohamishwa kwa amri, mara nyingi hata jibu hawakupewa.

Basi hiki ndicho kipimo. Mchezo unaostahili kupendwa ni ule ambao hasara yake hutolewa kwa ridhaa, ina mwisho, na humwachia aliyeshindwa kitu mkononi. Kimoja kikikosekana, kicheko cha wengi huwa kimenunuliwa kwa machozi ya mmoja. Na mtu mzima anayejivunia usiku wa utotoni, akasema watoto wa siku hizi na simu zao hawajui raha, angefaa kwanza amtafute yule aliyekuwa akishindwa, amwulize yeye anakumbuka nini. Jibu lake ndilo litakaloonesha kama usiku ule ulikuwa mwema kweli, au ulikuwa mwema kwa upande mmoja wa mlango.

Kwani ukitazamwa vyema, mji haukupatikana kwa ujanja wa mtegaji peke yake. Angalitega mpaka alfajiri, kama asingetokea mtu wa kusema "sijui" asingesafiri hata hatua moja. Kila mji katika mchezo huu ulizaliwa na ungamo la mtu kwamba hajui, na kuungama kutojua mbele ya wenzio ni jambo zito hata kwa mtu mzima. Kwa hiyo mapenzi ya kumbukumbu hizo yana deni ndani yake. Anayeipenda Unguja aliyopewa anadaiwa na aliyempa.

Deni hilo lilikuwa likilipika siku zote, tena ndani ya mchezo wenyewe. Hapana sharti linalosema kwamba aliyeshindwa lazima akae nyuma ya mlango. Makombo ni mazoea tu. Msafiri ndiye msimulizi. Mji ni wake, karamu ni yake, na milango yote huifungua yeye. Akitaka, anaweza kusema: "Nilikwenda Unguja, na mdogo wangu nilimshika mkono, tukakaribishwa sote." Wasikilizaji watacheka kidogo kuliko kawaida. Mdogo atasogea mkekani.

Na mchezo huu haukukatazwa kurudi njia ile ile. Huenda usiku wa leo, Makunduchi au Wete, mtoto mmoja ameshindwa kutegua, amechoka kutaja Tanga na Mombasa, akalikumbuka jina alilolisikia kwa mwalimu, akasema, "Chukua Inyonga." Aliyepewa hajui msitu wala mzinga. Atasema mizinga imepangwa ufukweni kama madema, na kwamba alikula asali kwa mkate wa kumimina mpaka akatosheka. Yote hayo yana ruhusa. Litakalobaki kutazamwa ni pale atakapomweka mwenzake aliyemkatia mji huo: nyuma ya mlango, au kwenye sinia.