Safu yetu isiishie mlangoni mwa msikiti

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyetutiishia vipando vya nchi kavu na vya majini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, anayeishi katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na Katoro, hahitaji kufundishwa tofauti ya gari dogo na gari kubwa. Anaijua kwa magoti yake.

Ijumaa moja nilipanda mchomoko kutoka Katoro kwenda Geita mjini. Kwa wasioufahamu, mchomoko ni gari dogo la abiria, mara nyingi Toyota Probox, lililotengenezwa kubeba watu 5 pamoja na dereva. Siku ile tulikuwa 9: wanne mbele, dereva akiwemo, wanne kiti cha nyuma, na kijana mmoja amejikunja kwenye buti. Mama mmoja mjamzito alikalia nusu ya kiti, mkono umeshikilia mlango. Njiani likatupita shangingi, vioo vimepandishwa, ndani yumo mtu mmoja tu. Nilimtambua. Ni ndugu yangu wa safu ya mbele.

Tulikutana naye msikitini. Imamu alipotuamrisha tusawazishe safu na tuzibe mianya, ndugu yule alinisogelea mpaka bega likagusa bega. Nikajiuliza: Je, safu yetu inaishia mlangoni mwa msikiti, pale tunapovaa viatu?

Nilitaka kumlaumu, lakini nafsi yangu ilinisuta. Niliwahi kuazimwa Vitz kwenda Kahama kutoka Shinyanga. Mzee mmoja alinipungia mkono barabarani, pembeni yake pana kifurushi. Nikajiambia, gari lenyewe dogo, mzigo wake hautaingia. Nikampita, na viti vitatu nyuma yangu vitupu. Kumbe ufinyu haukuwa katika gari.

Hebu tulipime jambo hili. Toyota Land Cruiser VX ina upana wa karibu mita 2, na Probox karibu mita 1.7. Tofauti yake ni kama sentimita 30, kiasi cha bega moja na nusu. Wengi wenye VX wamevikunja viti vya nyuma kabisa na kuvifunga ubavuni, gari la watu 8 likawa la mtu na mkoba wake. Na ile Land Cruiser ya kazi, yenye mabenchi yanayotazamana nyuma, bosi hukaa mbele kwa raha huku nyuma magoti yakigongana kila penye shimo. Kwa hiyo ukubwa wa gari peke yake haumpi mtu nafasi.

Uislamu haukatazi raha ya kipando. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Hibban, Mtume (SAW) alikitaja kipando chepesi na chenye raha kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Na anayefanya kazi machimboni, ambako njia ni mawe na makorongo, gari kubwa kwake ni zana ya kazi. Tatizo linaanzia pale raha inapofungiwa ndani.

Katika Surat Al-Mujadilah (58:11) Allah anawaamrisha waumini wapeane nafasi katika vikao wanapoambiwa wafanye hivyo, na anaahidi kuwa Yeye naye atawapa nafasi. Tazama malipo hayo: mja anasogea kidogo tu, na anayemkunjulia ni Mola wake. Na katika Sahih Muslim, Abu Said Al-Khudri (RA) anasimulia kuwa wakiwa safarini, Mtume (SAW) alimtaka mwenye kipando cha ziada akitoe kwa asiye nacho. Akaendelea kutaja aina mbalimbali za mali, mpaka maswahaba wakaona kuwa hakuna kati yao mwenye haki ya kubaki na ziada.

Naye hakusema tu. Katika safari ya Badr, ngamia mmoja alikuwa wa watu watatu wa kupokezana, na Mtume (SAW) alishirikiana na Ali na Abu Lubaba (RA). Walipojitolea kutembea ili yeye apande, alikataa, kwani naye alikuwa anataka ujira kama wao.

Hapa isieleweke kuwa tunahalalisha kushindilia watu. Abu Dawud amepokea habari ya ngamia aliyemlalamikia Mtume (SAW), naye akamkemea mwenye mnyama kwa kumtesa njaa na kumchosha. Ikiwa hiyo ni haki ya ngamia, itakuwaje mama mjamzito aliyekalia nusu kiti? Dereva Muislamu ajue kuwa nauli ya abiria wa tisa inaweza kumgharimu uhai wa wote tisa.

Vilevile gari la ofisi au la mgodi ni amana, na kanuni zake zifuatwe. Wala hatusemi mtu abebe asiowajua usiku, au aingie katika khalwa na asiye maharimu wake. Tuanze na tunaowajua. Baada ya Swala ya Ijumaa, kabla hujawasha gari, uliza tu: "Nani anaelekea Katoro?" Mwenye Vitz aulize, na mwenye VX aulize.

Dua tunayoisoma tupandapo chombo, inayotokana na Surat Az-Zukhruf (43:13-14), inamalizia kwa kutukumbusha kuwa kwa Mola wetu tutarejea. Safari hiyo ina kipando kimoja, jeneza, na hakuna anayejiendesha humo. Siku hiyo mwenye shangingi na mpanda mchomoko watayahitaji mabega yale yale yaliyogusana katika safu.

Tunamuomba Allah (SW) azikunjue nafsi zetu kabla hajayapanua magari yetu. Amin.