Bandu Bandu Huisha Gogo, na Kitambi Nacho

Shuleni tulifundishwa kwamba bandu bandu huisha gogo ni methali ya kutia moyo: chonga kidogo kidogo, usikate tamaa, gogo litakwisha. Wazee huitumia pia kuonya. Kijana wa Itilima, mkoani Simiyu, aliyerithi zizi, kila akipungukiwa anaswaga ng'ombe mmoja mnadani, hajawahi kuamua kufilisi zizi la baba yake. Kila mara anauza mmoja tu, na mmoja si kitu. Siku zizi likibaki tupu, ataambiwa methali ileile, na wala hatakuwa anatiwa moyo.

Sijaona mahali ambapo pande hizi mbili zinakutana kama kwenye kitambi.

Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ni nchi ya pamba na mifugo. Mkulima wa hapa anapalilia, anavuna, anabeba, anaswaga ng'ombe, anapiga baiskeli hadi gulioni, na hakuna anayeyaita hayo mazoezi. Hata ngoma ya bugobogobo inachezwa jembe likiwa mkononi. Lakini mjini Bariadi bodaboda inamsubiri mtu mlangoni. Mnunuzi wa mazao anakaa kwenye kiti tangu asubuhi, mtumishi wa serikali vivyo hivyo, na jioni wote wawili wanawekewa ugali wa kiasi kilekile kilichopimwa kwa mtu aliyeshinda shambani. Zamani ugali huo ulikwisha kwenye jembe. Sasa unatafuta pa kukaa.

Na unapoanza kukaa, mtu anasifiwa. "Shemeji, umenawiri!" Kunenepa kwetu ni dalili ya hela kuingia, hasa msimu wa kuuza pamba, na anayepungua anaulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Miaka ya ukimwi ilituachia hofu hiyo, nami siwezi kumlaumu mtu kwa kuwa nayo. Ila Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hili si jambo la matajiri wa Dar es Salaam pekee.

Ubandu wenyewe ni mdogo kiasi gani? Mtazame anayekaanga mboga. Anainamisha chupa ya mafuta ya pamba juu ya sufuria, yanamiminika, anasita, anaongeza kidogo "ili mboga ing'ae". Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Mtu wa kilo 70 anahitaji karibu nusu saa ya kutembea kuziunguza. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya takriban gramu 35, yaani karibu vijiko vidogo tisa, na inashuka kooni kabla bodaboda hajarudisha chenji.

Hata hivyo, hakuna soda iliyowahi kumnenepesha mtu. Itafute soda yenye hatia, hutaipata. Ya Jumatatu itajitetea kwamba ilikuwa moja tu, na ya Jumanne itasema hivyohivyo, na zote zitakuwa zimesema kweli. Mwanafalsafa Mgiriki Eubulides, karne ya nne kabla ya Kristo, alisumbua watu kwa fumbo la namna hii: ukitoa punje moja moja kwenye rundo, ni punje ipi inayolifanya lisiwe rundo tena? Wahenga wetu hawakuhangaika na punje ipi. Walimtazama mwenye shoka. Kosa, na sifa pia, havimo katika pigo moja. Vimo katika mkono uliozoea kupiga. Ndiyo maana anayejiuliza kila jioni "hii moja itanidhuru?" atashindwa daima, kwani jibu la kweli ni hapana. Afadhali ajiulize ni mtu wa namna gani anayekunywa soda kila siku, na kama anataka kuwa huyo.

Tukigeukia upande wa kutia moyo, adui ni haraka. Wako wanaouziwa chai za kuyeyusha tumbo, wako wanaojifunga mikanda, wako wanaoshinda njaa wiki nzima wakishangilia mizani. Anayejinyima kwa pupa hupoteza maji na misuli pamoja na mafuta, na akirudi kula, kilo zinarudi. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Mtu wa kilo 90 akipunguza asilimia tano tu, yaani kilo nne na nusu, shinikizo la damu na sukari huanza kupata nafuu, ijapokuwa kioo bado hakijamwambia lolote.

Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza mazoezi nchi nzima, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ni siku nzuri ya kukumbushana, ila shoka linaloshikwa mara moja kwa mwezi lina kutu. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na baiskeli ya kwenda na kurudi kazini kwa siku tano inazimaliza bila kununua raba. Mezani, punguza ugali, ongeza mlenda, mgagani na dagaa wasiokaangwa. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo, alilisema hili la kula kidogo mpaka likawa mzaha vijiweni. Mzaha au la, hoja yake ilikuwa sawa.

Kuna mahali methali inanipungukia. Gogo likiisha limekwisha, mtu anaegemeza shoka ukutani. Mwili huota tena. Aliyepungua kilo kumi hahitaji chakula kingi kama zamani, na njaa yake huwa kali zaidi, kwa hiyo akirudia sahani yake ya zamani anarudia na uzito wake. Tabia iliyopunguza ndiyo hiyohiyo ya kutunza, kwa hiyo asichague ile asiyoweza kuishi nayo hadi uzeeni. Asiyependa kukimbia asikimbie; apande baiskeli, acheze ngoma, alime bustani.

Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asianze kuruka milo kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla akiwa peke yake njiani.