Macho Mengi na Wajibu wa Kutazama

Watengenezaji wa programu huria wana imani moja kubwa: msimbo ukiwekwa hadharani, macho ya wengi yatafichua kila kasoro. Mmoja wao, Eric Raymond, aliipa imani hiyo jina la Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux. Lakini je, kilicho wazi kwa wote huwa kimeonwa na yeyote?

Kasoro ya Dirty COW ilikaa ndani ya kiini cha Linux tangu 2007, ikimwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka ya msimamizi. Ilizibwa Oktoba 2016. Miaka yote hiyo msimbo haukufichwa.

Uwazi, basi, ni ruhusa ya kutazama. Kuujua ukweli kunadai njia. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo iliyoanzishwa na Torvalds mwaka 2005, ina amri ya bisect ya kusaka badiliko lililoleta kasoro. Mtafutaji hutaja toleo lililokuwa zima na lililoharibika, naye hupewa la katikati alijaribu. Kila akijibu, zima au bovu, nusu ya mabadiliko yanayoshukiwa huondolewa. Mabadiliko 1,000 humalizika kwa majaribio kama 10, na anayejaribu si lazima aelewe hata mstari mmoja wa msimbo.

Huo ni usawa wa kweli: ushahidi wa mwanagenzi una uzito sawa na wa bingwa.

Hata hivyo, kugundua si kurekebisha. Tangu 2017 roboti ya Google, syzbot, imekuwa ikiripoti kasoro za Linux bila kuchoka, ilhali watunzaji ni binadamu wenye saa chache. Kampuni zinazovuna faida kutokana na Linux zina deni kwao, na zinapaswa kulilipa kwa kugharimia muda wa kurekebisha.