Kutangulia Si Kufika

Wengi huitumia methali hii kumliwaza aliyechelewa: mwanafunzi aliyerudia darasa, kijana ambaye wenzake wameshajenga. Si vibaya. Lakini naona makali yake hasa yanamgusa aliye mbele, tena zaidi akiwa ndiye kiongozi wa wenzake.

Mahali pazuri pa kuipima ni Mlima Kilimanjaro. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa safari za kuupanda ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na ofisi nyingine nazo hupeleka watu wao, wengine wakilenga Desemba 9, siku ya Uhuru. Siku ya kwanza, msituni, utawajua vijana wa mazoezi: wanawapita wote, wanafika kambini mapema, wanapiga picha. Waongoza watalii hawagombi. Wanasema tu "pole pole", maneno ambayo hata mgeni asiyejua Kiswahili hushuka nayo.

Hewa ndiyo itakayoamua. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi ina takriban nusu tu ya oksijeni unayoivuta ukiwa pwani. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, na misuli ya mazoezi haizipunguzi siku hizo. Ndiyo sababu kwenye njia ya Machame watu hupandishwa hadi Lava Tower, yapata mita 4,600, kisha hushushwa kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Mwenye pupa huona jasho lake limepotea bure, kumbe mteremko ule ndio unaomwandaa kwa kilele.

Usiku wa mwisho msafara huanza karibu na saa sita. Kiongozi mkuu hutangulia kwa hatua fupi mno, kisigino kikitua karibu na vidole vya mguu wa pili. Mwendo wake haufuati nguvu za shupavu, unafuata pumzi za aliye dhaifu. Nyuma kabisa yupo kiongozi msaidizi, tochi kichwani, akichungulia nyuso: nani ameacha kuzungumza, nani anatapika, nani anayumba kama mlevi. Dalili zikiwa mbaya, humshusha mtu huyo papo hapo, kwani dawa ya kwanza ya maradhi ya mlimani ni kushuka. Hushuka naye, kilele akakiacha. Kwangu mimi, huyo ndiye anayeijua kazi ya uongozi.

Wapo pia wagumu, yaani wapagazi, ambao kila siku huwapita wageni na mizigo yao. Wao hutangulia ili hema na chai vimkute mgeni tayari. Methali haina ugomvi na kutangulia kwa namna hiyo, kwa kuwa faida yake ni ya wanaokuja nyuma.

Inayemsuta ni meneja anayekamilisha mpango peke yake usiku, asubuhi akashangaa kwa nini walio chini yake hawajauelewa. Yeye amemaliza, idara yake haijaanza, na kazi ilikuwa ya idara.

Kwa hiyo, ndugu meneja unayepanga kuwapeleka watu wako Kilimanjaro mwaka huu, omba jambo moja getini: angalau kwa siku moja, utembee nyuma pamoja na msaidizi.