Mzigo Langoni, Kafyu Barabarani

Mwezi Mei mwaka 2020, Afrika Kusini ikiwa imefungiwa ndani kwa sababu ya korona tangu mwisho wa Machi, serikali ya huko ilitoa orodha ya nguo ambazo wenye maduka waliruhusiwa kuuza. Fulana ya mikono mifupi ilipita, bora tu ionyeshwe dukani kama nguo ya kuvaliwa ndani ya koti au sweta. Suruali inayokomea chini ya goti nayo ilipita, mradi iambatane na buti na legingi. Watu walicheka hadi machozi. Aliyebebeshwa kejeli zote ni waziri wa biashara, Ebrahim Patel, na haikupita wiki kabla maduka ya mtandaoni hayajaruhusiwa kuuza karibu kila kitu, ila pombe na sigara.

Sina nia ya kumtetea mtu aliyejaribu kupanga kabati la taifa zima. Lakini kabla ya vichekesho hivyo Patel alikuwa amekabiliwa na swali zito: kwa nini mtu asinunue birika kwa simu akaletewa nyumbani, badala ya kwenda kubanana na wenzake dukani? Jibu lake lilikuwa kwamba ukiwafungulia wauzaji wa mtandaoni peke yao, unawaonea wenye maduka ya kawaida na wachuuzi wadogo. Kwa hilo pia alirushiwa maneno. Mimi naona alikuwa ameshika kipande cha ukweli, ingawa alikishika upande wa makali.

Huku Nairobi hakuna waziri aliyetuchagulia fulana. Tulikuwa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri tangu tarehe 27 Machi, na kuanzia tarehe 6 Aprili hakukuwa na kutoka wala kuingia jijini. Ada ya M-Pesa ilikuwa imeondolewa kwa pesa zisizozidi shilingi 1,000, ili watu wapunguze kupokezana noti. Cha kununua na cha kuacha, kila mtu aliamua mwenyewe akiwa kwenye kochi, simu mkononi. Na tulinunua! Vikaangio, mikeka ya mazoezi, mashine za kukamua juisi, wigi za kuvaa kwenye mikutano ya Zoom ambamo nusu ya wahudhuriaji walikuwa wamezima kamera.

Katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu kulizuka ubishi. Mzee mmoja mstaafu aliandika kwamba kuagiza mapambo wakati watu wanakufa ni kukosa haya. Akajibiwa na dada aliyekuwa akifundisha shule ya binafsi: "Mzee wangu, nisamehe, lakini hayo mashuka unayoyaita mapambo ndiyo unga wangu. Tangu shule zifungwe sijauona mshahara." Kundi zima likanyamaza mpaka mtu mwingine alipoleta habari za maji kukatika.

Wanafiqhi wa Kiislamu walilipanga jambo hili karne nyingi zilizopita. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyagawa maslahi ya watu mafungu matatu: ya dharura, ambayo yakikosekana maisha yenyewe yanaharibika, ya haja, ambayo yakikosekana mtu anataabika, na yale ya kupamba maisha tu. Ni kipimo kizuri, na wengi wetu tungeokoa pesa lau tungekitumia kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa. Tatizo ni kwamba shuka la yule mwalimu ni pambo kwa mnunuzi na dharura kwa muuzaji, na ni shuka lile lile. Tena mwalimu alikuwa na afadhali, kwa kuwa alikuwa na simu ya kupigia picha mashuka na wateja waliomjua. Mama anayeuza nguo katika soko la Gikomba hakuwa na hayo. Mitumba ilizuiwa kuingia nchini kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti, akawa anauza kilichobaki kwa wanunuzi walioogopa kufika sokoni. Hapo ndipo neno la Patel linaponichoma. Kila shilingi tuliyoituma kwa simu ilimfikia aliyekwisha kuwa na njia ya kuipokea.

Basi nikaacha kuuliza kitu gani ni cha lazima. Swali lililonishika, nani anakibeba na kwa hatari gani, nililikuta langoni petu.

Kamati ya mtaa ilikuwa imepiga marufuku bodaboda kuingia. Jioni moja ya Mei, saa kumi na mbili kasorobo, alifika kijana na katoni ya kikaangio. Soja akainyunyizia maji ya Jiki mpaka utepe ukaanza kubanduka. Mwenye mzigo, jirani yangu wa ghorofa ya nne, alipigiwa simu, akasema anashuka. Alishuka kwa wakati wake. Akaufungua mzigo hapo hapo, akakuta kikaangio ni chekundu naye alitaka cheusi.

"Mama, rangi inaandikwa na ofisi, mimi ni wa kuleta tu," kijana akasema. "Na nikirudi nacho, mafuta ni yangu."

Akawa anatazama simu yake, si kwa ujumbe, bali kwa saa. Kwake ni Dandora, na pesa za mzigo zilipaswa kufikishwa ofisini kwanza. Jirani akakichukua chekundu kwa shingo upande, kisha akageukia nauli: mia mbili ni nyingi, na barabara hazina magari siku hizi. Wakavutana. Hatimaye akatuma mia na hamsini. Kijana alipowasha pikipiki ilikuwa imebaki nusu saa kafyu ianze.

Jirani huyu si mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akimpelekea soja wetu chai kila asubuhi. Angemwona yule kijana amelala na njaa angempa chakula, sina shaka. Ila siku ile alimwona kama sehemu ya bidhaa, kitu kinachokuja na katoni.

Na ile nusu saa haikuwa mchezo. Jioni ya kwanza ya kafyu, polisi waliwatupia mabomu ya machozi na kuwapiga watu waliokuwa wakisubiri feri Likoni, Mombasa, watu waliotoka kazini. Siku tatu baadaye, mtaani Kiamaiko hapa Nairobi, risasi ya polisi ilimuua mtoto wa miaka 13 akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi kwa yaliyopita kiasi. Orodha ya huduma muhimu ilikuwa imewataja wahudumu wa afya, wasafirishaji wa mazao, supamaketi, wauzaji wa mafuta, benki, hata sisi wanahabari. Mwenye kupeleka kikaangio hakutajwa. Alipokutwa barabarani saa moja na dakika kumi, hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ufaransa suala hili la usalama wa wanaotubebea mizigo lilifika mahakamani. Tarehe 14 Aprili 2020, mahakama ya Nanterre iliiamuru Amazon isafirishe vyakula, dawa na vifaa vya usafi tu hadi itakapotathmini hatari zinazowakabili wafanyakazi wa maghala yake, tena kwa kuwashirikisha wawakilishi wao. Kampuni ikayafunga maghala yake yote sita nchini humo, na hayakuanza kufunguliwa hadi Mei 19. Wengi waliielewa hukumu ile kama vita dhidi ya anasa. Sivyo. Mahakama haikusema kitabu au mdoli ni dhambi. Ilisema punguzeni mizigo mpaka mjue mnawalinda vipi wanaoibeba. Oktoba mwaka huo huo Amazon yenyewe ilitangaza kwamba wafanyakazi wake 19,816 wa Marekani walikuwa wameambukizwa korona au kudhaniwa kuwa nayo. Baadhi yao bila shaka walikuwa wakifungasha dawa, na wengine wakifungasha vikaangio. Virusi havikuuliza kilichomo ndani ya katoni.

Kuna wenzangu walioamua kutoagiza chochote ili mikono yao iwe safi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Uganda, Rais Museveni alipopiga marufuku bodaboda kubeba abiria mwezi Machi, kubeba mizigo ndiko kulikobaki. Ungemwambia mwendesha boda wa Kampala kwamba humwagizi kitu kwa kumhurumia, angekuuliza watoto wake wale huruma hiyo na mboga gani. Usipoagiza hujamwokoa mtu, umejitoa tu kwenye hesabu yake.

Msimamo wangu basi ni huu, na anayetaka kunipinga anipinge. Kununua kikaangio wakati wa korona hakukuwa kosa, hata kama vingine vitatu vilikuwa vinaning'inia jikoni. Kosa lilikuwa haraka. Tulitaka kitu kisicho cha lazima kwa mwendo wa kitu cha lazima. Dawa ya pumu ina haki ya kumtoa mtu nyumbani saa kumi na moja jioni kafyu ikimnyemelea, mkeka wa mazoezi hauna. Na kosa la pili ni ubahili wa langoni, wa kukata hamsini kwa mtu aliyejitokeza ili wewe usijitokeze. Tulikaa ndani tukajisifu kuwa watiifu, na utiifu wetu ulikuwa umelipiwa na mapafu ya mwingine. Wauzaji nao wana lao, kwa kuwa ndio waliotangaza "tunakuletea leo leo" huku wakijua saa ya kafyu, na ndio waliomwachia kijana gharama ya mzigo uliokataliwa. Lakini walitangaza hivyo kwa sababu tulipenda kusikia hivyo.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Kuagiza kwa simu kulibaki, na vijana wa pikipiki wamezidi kuongezeka, sasa wakipigana na mvua, matatu na saa zilizoandikwa kwenye programu. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa umeagiza kitu, kama si cha leo mwambie muuzaji akilete kesho asubuhi. Nauli uliyotajiwa ilipe yote. Na ukipigiwa simu kwamba mzigo uko langoni, shuka mara moja.