Nguvu za Mzee ni Mali ya Nani?

Wapo wanaodhani kwamba mzee afanyaye mazoezi ya viungo anautafuta ujana uliokwisha kupita. Kazi ya mzee, wanasema, ni kukaa, kutoa shauri na kuhudumiwa. Maneno hayo yana heshima ndani yake. Lakini, ndugu msomaji, hebu tujiulize: anayehudumiwa huhudumiwa na nani?

Katika nyumba zetu aghalabu ni binti au mkamwana. Huyo ndiye amnyanyuaye mzee kitandani na kumshika mkono kwenda msalani, na huyo huyo ana watoto wa kulea na shamba la kulima. Uzito wa mwili wangu haubebwi na mila. Unabebwa na mgongo wa mtu. Basi nguvu za miguu yangu si mali yangu peke yangu. Kuziacha zipotee kwa uvivu ni kumwandikia mwingine deni pasipo kumwuliza.

Yamkini mtu atasema kuwa misuli ya mzee ikiisha imekwisha. La hasha. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee wachache wa umri wa miaka 90 hivi, wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee. Baada ya majuma 8 ya kuinua uzito kwa miguu, nguvu za miguu yao, kwa wastani, ziliongezeka zaidi ya maradufu. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa juma.

Kwa kuwa ni mwalimu, jambo hili nimelitengenezea andalio la somo. Siku ni Jumatatu na Alhamisi. Vifaa ni kiti imara kilichoegemezwa ukutani, vidumu viwili, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kwanza ni kuinuka kitini na kuketi tena polepole, mara 8, bila kujishika ikiwezekana. Pili ni kuusukuma ukuta kwa viganja. Tatu ni kuinua vidumu: lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hivyo mizani haihitajiki. Nne ni kuuvuta mpira kwa mikono miwili mbele ya kifua. Mwisho ni kusimama kwa vidole vya miguu, huku nimeshika meza. Pumzi hutolewa wakati wa kuinua, wala haizuiwi. Mara 8 zikiwa nyepesi, nafanya 10. 10 zikiwa nyepesi, naongeza maji. Ndiyo kanuni tuliyowafundisha wanachuo: kutoka rahisi kwenda gumu. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu na aanze kwa shauri la mganga.

Hata hivyo, pana hatari ya upande wa pili, nayo ni majivuno. Mzee aliyepooza hajashindwa mtihani wowote, wala utu wake haukupungua kwa sababu ananyanyuliwa. Wajibu wetu uko katika juhudi. Matokeo hayamo mikononi mwetu. Mimi nami, nikijaliwa umri, yumkini siku yangu ya kunyanyuliwa itafika.

Kizazi changu kililelewa katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Tulishika jembe shuleni, tukadhani kujitegemea ni habari ya shamba na taifa. Uzeeni naona kuwa ni habari ya kiti pia. Kujitegemea si kukataa mkono wa mwanao. Ni kutouchosha kwa jambo unaloliweza leo, ili siku utakapouhitaji kweli uukute bado una nguvu na upendo.