Aliyeshindwa kura za maoni: ahadi yake inamfunga nani?

Mwaka mmoja wa uchaguzi, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri kwenye baraza ya msikiti. Alikuwa ameomba udiwani katika kura za maoni za chama chake, akashindwa kwa kura chache. Chama kingine kilikuwa kimemletea fomu, na zilibaki siku mbili tu za kuirejesha.

"Ustadh," aliniambia, "nilipochukua fomu niliahidi kuwa atakayepita nitamuunga mkono. Sasa watu wa kata wanataka nisimame. Nikisimama, si nitakuwa mnafiki?"

Usiku ule nilimjibu nusu tu. Naomba nilimalizie hapa jibu langu, maana swali hili si la mzee yule peke yake. Zipo nchi zilizolitungia sheria.

Marekani, majimbo mengi yana utaratibu unaomzuia aliyeshindwa katika kura za mchujo za chama kurudi kwenye uchaguzi mkuu kama mgombea binafsi. Texas ni mojawapo. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Storer dhidi ya Brown, iliikubali sheria ya California iliyomtaka mgombea binafsi awe amejitenga na vyama mwaka mzima kabla ya mchujo. Hoja yao ni kwamba uchaguzi mkuu usigeuzwe uwanja wa kuendeleza ugomvi wa ndani ya vyama.

Lakini jimbo la Connecticut halina kizuizi hicho. Agosti 2006 Seneta Joe Lieberman alishindwa na Ned Lamont ndani ya chama cha Democratic. Akasimama peke yake, na Novemba mwaka huo huo wananchi wakamrudisha kwenye kiti. Sasa tujiulize: katika mizani ya uadilifu, nani yuko sahihi, Texas au Connecticut?

Sisi Waislamu jambo la ahadi si geni kwetu. Surat al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Na Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliridhia masharti yaliyowaumiza Masahaba, Umar (R.A.) akiwemo. Walikuwa karibu na Makka, wamevaa ihramu, na bado wakarudi Madina mwaka ule bila kufanya Umra. Neno likishatoka linatimizwa hata kama linauma. Kwa hiyo aliyeingia katika mchujo kwa hiari, akajua masharti, akaahidi kukubali matokeo, kisha akageuka kwa sababu tu ameshindwa, huyo amevunja ahadi. Tusimtafutie udhuru.

Hata hivyo, Uislamu hauhalalishi kila sharti. Katika kisa cha Barira, ambaye mama yetu Aisha (R.A.) alitaka kumnunua ili amwache huru, mabwana zake waliweka sharti lililokwenda kinyume na sheria ya Allah. Mtume (S.A.W.) akalibatilisha, akaeleza kuwa sharti la namna hiyo ni batili hata yakiwa mia. Tena wanazuoni wanatufundisha kuwa mkataba unataka ridhaa, na kwamba mtu hawezi kuweka rehani mali isiyo yake.

Hapo ndipo penye jibu. Ahadi ya mgombea ni deni lake kwa chama chake. Kura ni mali ya mpiga kura. Mpiga kura hakuchukua fomu, hakuahidi lolote, na mara nyingi hata mwanachama si. Kwa mantiki gani basi alipe deni la mwingine kwa kunyimwa mtu anayemtaka?

Texas inaweza kujitetea kidogo. Kule, mwanzoni kabisa, mtu ana milango miwili: aingie mchujo wa chama au atafute saini asimame peke yake. Akichagua mmoja, amechagua kwa hiari. Kenya nako, ibara ya 85 ya Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea binafsi, ilimradi asiwe amekuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Na sisi Tanzania je? Kwetu mlango ni mmoja. Bila chama hugombei. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania jambo hili miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba. Akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kuwa kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Waislamu wengi hatukukubaliana na Mchungaji yule katika mengi. Lakini Surat al-Maida hiyo hiyo, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Haki ni haki hata akiidai usiyempenda.

Matokeo ya mlango mmoja tunayaona. Anayekatwa huhamia chama asichokiamini ili apate tiketi tu. Edward Lowassa alihama CCM kwenda Chadema Julai 2015 baada ya jina lake kukatwa, na mwaka 2019 akarudi CCM. Sheria inayodai kulinda uaminifu wa vyama inawafundisha watu kubadili rangi ya shati.

Wapo watakaosema mgombea binafsi ataleta mgawanyiko na matajiri watanunua viti. Hofu hiyo ina uzito. Lakini hivi ndani ya vyama fedha hazipiti?

Mzee wangu yule alilalamika kuwa mwenzake aligawa bahasha. Nikamuuliza, "Na wewe, mzee wangu, hukutoa kitu?" Akainama. "Nilitoa nauli kidogo." Nikamwambia, basi huna udhuru wa kudai umedhulumiwa, timiza ahadi yako. Fomu hakuirejesha, na namuombea Allah (S.W.) amlipe kwa hilo.

Wiki iliyofuata kijana mmoja wa kata ile akaniuliza, "Ustadh, mzee katimiza ahadi yake. Sisi tuliahidi nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani kama Katiba yetu inalo. Afunguliwe mlango mgombea binafsi, awekewe muda wa kutangaza nia yake mapema kama kwa jirani zetu. Hapo atakayechagua chama tutakuwa na haki ya kumwambia: uliahidi, timiza.

Wallahu a'lam.